Kansa, lishe na tiba za nyongeza: namna ya kuzitumia bila kuharibu matibabu ya hospitali

Mama mdogo alipoambiwa ana kansa ya utumbo mpana, wiki ile ile simu yake ilijaa. Huyu kamtumia video ya mtu anasema acha sukari kansa itakufa njaa, yule kaja na unga wa majani, mwingine kaleta vidonge vya manjano, mwingine anasema kemo, zile dawa kali za hospitali za kuua seli za kansa, ndo inaua watu siyo kansa. Na wote walikuwa wanampenda, hapo ndo pagumu, manake ukikataa chupa ya mtu aliyekuja kukuangalia anaona umemkataa yeye. Siku nilipozipanga mezani zilikuwa chupa 11, na hakuna hata moja ambayo daktari wake alikuwa anaijua.

Mi si daktari, nimeuguza tu. Naandika namna tulivyojifunza kuchambua haya mambo, lipi la kuchukua, lipi la kuliacha, na kwa mpangilio gani, ili anayeanza leo asipoteze miezi kama tulivyopoteza sisi.

Anza na maneno mawili

Kuna tiba ya nyongeza, yaani unafanya upasuaji wako, kemo yako, mionzi yako kama ulivyopangiwa, alafu pembeni unaongeza kitu cha kukusaidia kula, kulala, kupunguza kichefuchefu, kupata nguvu. Na kuna tiba mbadala, yaani ya hospitali umeiacha umeshika hiyo. Ya kwanza naitetea kabisa. Ya pili inaua. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Yale kule Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa ambao kansa yao ilikuwa haijasambaa, 281 kati yao walichagua tiba mbadala peke yake, wakawalinganisha na wenzao waliotibiwa hospitali, na hatari ya kufa kwa wale wa mbadala ilikuwa mara 2.5, kwa kansa ya matiti ikapita mara 5. Hao ni watu ambao wengi wao bado walikuwa na nafasi nzuri ya kupona kabisa.

Na mtu asikwambie hospitali inachukia mimea. Vinkristini, dawa ya kemo inayotibu watoto wenye kansa ya damu, ilitoka kwenye mmea wa maua wa Madagaska. Paklitakseli ilitoka kwenye gome la mti. Tofauti ni kwamba pale wamejua kitu gani ndani ya mmea kinafanya kazi, kiasi gani, kinadhuru wapi, na kila dripu ina kipimo kile kile, wakati kijiko cha unga wa leo na cha kesho unaweza kuta havifanani hata kidogo.

Hili la sukari

Hoja nzima ya tiba za kimetaboli, yaani za kuishambulia kansa kupitia namna seli zake zinavyopata nishati, inaanzia kwa mwanasayansi mmoja Mjerumani, Otto Warburg. Miaka ya 1920 aliona kwamba seli za uvimbe zinameza glukosi, yaani sukari ya damu, kwa pupa na kuichachusha kuwa asidi ya laktiki hata pale ambapo oksijeni ipo ya kutosha, wakati seli ya kawaida ingeiunguza kwa oksijeni ikapata nishati nyingi zaidi. Alichokiona ni kweli na kinatumika mpaka leo. Kwenye PET, kipimo cha picha cha kutafuta kansa mwilini, mgonjwa anachomwa glukosi iliyofungwa chembe yenye mionzi, anatulia kama saa moja hivi, alafu mashine inaonyesha imejikusanya wapi, uvimbe unawaka kwenye picha, na ubongo nao unawaka kwa sababu nao unakula sana sukari.

Sasa watu wakishasikia hayo wanaruka moja kwa moja kwenye "basi tukate sukari". Ila mwili hauruhusu sukari ya damu iishe, ukiacha wanga kabisa ini linatengeneza glukosi lenyewe, na malighafi mojawapo ni protini ya misuli yako. Alafu seli za kansa hazitegemei sukari peke yake, nyingi zinatumia glutamini (kiungo kimojawapo cha protini), zinatumia mafuta, zingine zinatumia hata hiyo laktiki. Warburg aliamini chanzo cha kansa ni mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli, kuharibika, siku hizi inajulikana kwamba kwenye vivimbe vingi mitokondria zinafanya kazi, na ile pupa ya sukari inaamriwa na jeni zilizobadilika. Kwa hiyo njia ya kimetaboli ni uwanja wa kweli wa utafiti, haijawa bado maelekezo ya jikoni.

Kupunguza soda, juisi za sukari na vitamu, sawa, fanya, hasa kama una kisukari au unapewa deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza kichefuchefu, pamoja na kemo, maana hiyo inapandisha sukari sana. Ila kumnyima chakula mtu ambaye tayari hana hamu ya kula ni kitu kingine. Sisi tulimkatisha mama mdogo wanga wote kwa wiki 3 na badala yake hakuna tulichomuongeza, akatoka kilo 62 akafika 58. Nilikuwa namsaidia kuvaa siku ya kliniki, sketi ikawa inazunguka kiunoni nikaikamata na pini, na bado nikawa najiambia mlo unafanya kazi. Mtaalamu wa lishe alipomuweka kwenye mizani alisema, "Mama, uvimbe hatujaupima bado, lakini wewe umepungua." Kemo ya siku hiyo ikabidi wampigie hesabu upya ya dozi.

Kwa hiyo mizani kwanza

Kama kuna kitu kimoja cha kufanya leo ni hiki. Tafuta mizani, pima siku moja ya wiki ile ile, asubuhi, baada ya kutoka chooni na kabla ya kula, nguo nyepesi, andika na tarehe. Ukiona uzito umeshuka zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 bila kukusudia, hiyo ni dalili ambayo madaktari wanaichukulia kwa uzito kabisa, kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 3 tu. Na angalizo, kama tumbo limejaa maji au miguu imevimba mizani itakudanganya, namba haishuki kumbe nyama inaisha, hapo angalia mabega, mikono ya juu na pembeni ya macho kama pamebonyea.

Kiwango ambacho wataalamu wa lishe wa Ulaya wanashauri kwa mgonjwa wa kansa ni protini zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikiwezekana mpaka gramu 1.5, na nishati kama kalori 25 mpaka 30 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 basi anahitaji gramu 60 hadi 90 za protini. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kilichopikwa 20 na kitu. Mayai mawili, glasi mbili za maziwa, kikombe cha maharage na kipande cha samaki tayari ushapita 60. Mwenye matatizo ya figo aulize kwanza. Na asikae mezani anaangalia sahani imejaa, mpe kidogo kidogo mara 5 au 6, na saa ambayo hamu ipo, kwa wengi ni asubuhi, ndo umpe kile kizito.

Kama bado unataka keto au kufunga

Sikukatazi kuuliza, ila uliza ukijua kilichopo. Keto, mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, imejaribiwa zaidi kwenye uvimbe wa ubongo, tafiti nyingi ni ndogo, na zinaonyesha wagonjwa wengi wanaweza kuivumilia wakisimamiwa, ila hazijaonyesha kwamba inawaongezea maisha. Ujerumani kuna utafiti uliotoka 2020, wagonjwa 50 wenye uvimbe wa ubongo uliorudi, kundi moja likapewa mlo wa keto na kufunga siku chache wakati wa mionzi, uvimbe haukuchelewa kukua kuliko kwa wale wa mlo wa kawaida.

Kufunga kabla ya kemo nako kuna hoja nzuri kwenye maabara: seli ya kawaida ikikosa chakula inajikunyata na kujilinda, seli ya kansa haijui kujikunyata, kwa hiyo dawa inaipiga hiyo zaidi. Uholanzi walijaribu kwa wanawake 131 wenye kansa ya matiti, matokeo yakatoka 2020 pia, mlo wa kuiga kufunga (chakula kidogo sana) wa siku chache kuzunguka kila kemo. Kuna ishara kwamba uvimbe uliitikia dawa vizuri zaidi kwa waliofuata mlo, madhara ya kemo hayakupungua kwa namba, ila kundi la mlo halikupewa deksamethasoni ambayo wenzao walipewa. Na wengi walishindwa kuendelea na mlo mpaka mwisho. Mi naona hapo kuna kitu cha kufuatilia, lakini kwa anayefanyiwa ndani ya utafiti, siyo kwa mtu peke yake chumbani.

Usijaribu kabisa keto wala kufunga kama uzito umeshaanza kushuka, kama una kansa ya kongosho na mafuta hayasagiki, kama ini au figo zina shida, kama unatumia insulini, au kama unatumia zile dawa za kisukari zinazotoa sukari kwa mkojo, hizo ukichanganya na keto unaweza kupata asidi ya ketoni kwenye damu na ukaishia wodini wakati kipimo cha sukari kinaonyesha uko kawaida.

Metformini nayo inaulizwa sana, dawa ya kisukari. Walioona wagonjwa wa kisukari wanaoitumia wanaendelea vizuri walikuwa na haki ya kutumaini, na ikapimwa sawasawa, zaidi ya wanawake 3,600 wenye kansa ya matiti wasio na kisukari, matokeo ya 2022 yakasema haikuzuia ugonjwa kurudi. Kama una kisukari endelea nayo ulivyoandikiwa. Kama huna, hakuna sababu ya kuitafuta.

Zile chupa

Chukua daftari, siyo karatasi ya kupotea. Kila chupa, kila unga, kila chai ya majani andika jina, kilichoandikwa kwenye lebo, kiasi unachotumia, mara ngapi, umeanza lini. Isiyo na lebo piga picha. Alafu mpelekee daktari au mfamasia wa kansa kabla ya mzunguko unaofuata wa kemo, na useme hivi hivi: "Hivi ndivyo ninavyotumia nyumbani, nataka unieleze kipi kinagongana na dawa zangu." Usiulize "je naweza kutumia dawa za asili", maana jibu litakuwa hapana na mazungumzo yameisha hapo, wewe utarudi kuzitumia kwa siri.

Kwa nini nasisitiza hivyo. Dawa nyingi za kansa zinasagwa na vimeng'enya vya ini, na mimea kibao inaviongezea kasi au kuvizuia. St. John's wort, mmea unaouzwa kwa ajili ya huzuni, unapunguza kiasi cha dawa za kansa irinotekani na imatinibu kwenye damu, yaani unamwagiwa dripu yenye sumu yote ila uvimbe unapata nusu nusu ya dawa. Balungi inafanya kinyume, inaziacha baadhi ya dawa zijazane mwilini. Vidonge vya chai ya kijani, maabara wameona vinaishika dawa ya kansa bortezomibu isifanye kazi. Vidonge vya kitunguu saumu, tangawizi na manjano kwa dozi kubwa vinaweza kuongeza kutokwa damu, kwa hiyo vinaachwa wiki moja au mbili kabla ya upasuaji. Mkumbuke nasema vidonge na dozi kubwa, kiungo cha kwenye mboga siyo tatizo.

Vitamini ndo zinawachanganya watu zaidi kwa sababu zinaonekana hazina ubaya. Mionzi na baadhi ya dawa za kemo zinaua seli kwa kuziunguza na oksijeni kali, sasa wewe ukimeza malundo ya vitamini A, C na E unaweza ukawa unailinda na seli ya kansa pia. Utafiti mmoja wa 2020 wa wanawake wa kansa ya matiti uliona waliotumia hizo kabla na wakati wa kemo ugonjwa uliwarudia zaidi, ni uchunguzi tu siyo ushahidi wa mwisho, ila unatosha kumfanya mtu asimamishe mkono. Na huko Finland 1994 walipowapa wavuta sigara beta-karotini, ambayo mwili unaigeuza vitamini A, wakitarajia kuwakinga, kansa ya mapafu iliongezeka. Kama damu imeonyesha umepungukiwa vitamini fulani, hapo unapewa, hilo ni jambo tofauti.

Dripu za vitamini C. Linus Pauling, mkemia Mmarekani, aliipigia debe miaka ya 1970, hospitali ya Mayo ya Marekani wakaipima ya kunywa mara mbili, haikusaidia. Ya mshipani inafika juu zaidi kwenye damu na bado inachunguzwa. Kama mtu anakwenda kuchomwa hiyo lazima apimwe G6PD kwanza, maana mwenye upungufu wa kimeng'enya hicho chembe nyekundu zinaweza kupasuka, lazima figo ziangaliwe, na mwenye kisukari ajue kwamba ile mashine ndogo ya kidoleni inaweza kusoma vitamini C kama sukari, ionyeshe namba kubwa ya uongo, mtu ajidunge insulini asiyoihitaji. Hili la mwisho naliandika kwa herufi kubwa kwenye kila daftari ninalomsaidia mtu kuanzisha.

Vingine nipite haraka. Kokwa chungu za aprikoti, au kile wanachokiita vitamini B17, zinatoa sumu ya sianidi tumboni, na hiyo B17 ilipimwa kwa wagonjwa 178, matokeo yakatoka 1982, haikutibu mtu. Stafeli, tunda ukila sawa, ila vidonge na chai ya majani yake kila siku hapana, ina kemikali inayodhuru neva. Dawa za minyoo za mifugo, kuna wagonjwa ini limeumia. Maji ya alkali hayabadilishi damu, mapafu na figo zinaishikilia kati ya pH (kipimo cha asidi na alkali) 7.35 na 7.45 unywe usinywe.

Vinavyosaidia kweli

Kutembea. Najua inaonekana ndogo. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya wagonjwa 889 wa kansa ya utumbo mpana waliomaliza upasuaji na kemo, nusu wakapewa mtu wa kuwasimamia mazoezi kwa miaka 3, nusu wakapewa vitabu vya maelekezo tu. Baada ya miaka 8 waliokuwa hai kwenye kundi la mazoezi ni asilimia 90, lile lingine 83. Tofauti ya namna hiyo ingekuwa ni kidonge wangekigombania. Na wakati wa matibabu yenyewe mwendo wa nusu saa mara 3 kwa wiki na mazoezi ya misuli mara 2 unapunguza uchovu ule wa kansa ambao kulala hakuuondoi. Mama mdogo alianza na kuzunguka nyumba mara moja akishika ukuta. Nikimkuta amechoka sana nilikuwa namwambia twende mpaka mlangoni turudi, basi, na mara nyingi tukifika mlangoni anasema tuendelee. Kama kansa iko kwenye mifupa uliza kwanza mazoezi gani ni salama.

Kichefuchefu: dawa za hospitali kwanza na kwa saa, usisubiri kije. Juu yake tangawizi kidogo inaweza kusaidia, na kubonyeza ile sehemu ya ndani ya mkono, weka vidole vitatu vya mkono mwingine kuanzia mstari wa kifundo pale kiganja kinapoungana na mkono, pale vinapoishia katikati ya mishipa miwili migumu bonyeza kwa dole gumba dakika 2 au 3. Haina madhara na inampa mgonjwa kitu cha kufanya mwenyewe. Akupancha ya sindano imeonyesha kupunguza maumivu ya viungo kwa wanawake wanaomeza dawa za homoni za kansa ya matiti, ila kama chembe nyeupe au chembe za kugandisha damu ziko chini, subiri.

Vidonda vya mdomoni: kama unapewa ile sindano ya haraka ya 5-FU, dawa mojawapo ya kemo, anza kunyonya vipande vya barafu dakika 5 kabla, endelea kwa nusu saa. Mishipa ya mdomo inajibana na dawa inafika kidogo pale. Ila kama kwenye mchanganyiko wako kuna oksaliplatini, dawa nyingine ya kemo, usiguse barafu, baridi inaamsha maumivu ya koo na ganzi, muulize nesi kabla hujaanza.

Kwa hofu na usingizi, kutuliza akili kwa pumzi, yoga ya taratibu, maombi, mtu wa kuongea naye. Havipunguzi uvimbe na mtu akikuahidi hivyo mkimbie, lakini mtu anayelala anakula, na anayekula anamaliza mizunguko yake ya kemo.

Ukurasa wa kwanza wa daftari

Juu kabisa andika namba ya simu ya wodi inayopokelewa usiku, jina la kemo na tarehe ya mwisho uliyopewa. Chini yake: joto 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, damu isiyokata, kutapika kila unachokunywa, twende sasa hivi. Kuanzia siku ya 7 mpaka ya 14 baada ya kemo nyingi chembe nyeupe ndo zinakuwa chini kabisa na maambukizi yanakimbia kwa masaa. Usimpe chai ya majani ya kushusha homa, usimpe hata panadoli kwanza, inashusha namba na kuficha ugonjwa, beba kipimajoto, daftari na chupa alizokunywa wiki hiyo, muondoke.